Meza Imepangwa, Nani Anakula?

Msafiri anayetoka Athi River kuelekea Namanga hulakiwa Kitengela na samani. Kando ya barabara mafundi wameanika vitanda, makochi ambayo bado yamevaa nailoni, na meza za kulia chakula zenye viti sita ambazo vanishi yake imeshaanza kushika vumbi. Mwisho wa mwezi meza hizo huonekana juu ya pikapu, miguu imeelekea angani, zikipelekwa Milimani, Kisaju au hata Isinya, kwenye nyumba mpya zilizojengwa juu ya ploti za futi 50 kwa 100.

Ikishafika nyumbani, meza hupambwa. Katikati hulazwa kitambaa kirefu chembamba. Mbele ya kila kiti huwekwa sahani kubwa ya rangi ya dhahabu, juu yake sahani bapa, juu yake tena bakuli, na ndani ya bakuli kitambaa cha mkono kilichokunjwa na kuvishwa pete. Uma kushoto, kisu kulia, glasi ya mguu mrefu pembeni, na chombo cha maua ya plastiki kikitawala yote. Picha inapigwa, inatumwa kwa marafiki, sifa zinamiminika.

Usiku ukiingia, ugali unapakuliwa jikoni. Baba anachukua sahani yake anaketi kwenye kochi kutazama habari. Watoto wanavuta vistuli mbele ya runinga. Mama anakula mwisho, mara nyingi akiwa amesimama jikoni. Meza imekaa vile vile, imepangwa kwa wageni sita ambao hakuna aliyewaalika.

Hoja ya makala haya si kwamba mapambo ni dhambi. Nyumba ni ya mwenyewe na fedha ni zake. Hoja ni kwamba mtindo wa kuacha meza imepangwa mwaka mzima umewanyang'anya wenye nyumba mahali pao pa kulia, na kwa Kitengela na Kaunti ya Kajiado kwa jumla, mtindo huo unagharimu zaidi ya inavyodhaniwa.

Tuanze na mji wenyewe. Hadi miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Kitengela ilikuwa ranchi ya pamoja ya Wamaasai wa Kaputiei. Ranchi ikagawanywa, hati zikatolewa, na wenye ardhi wakaanza kuuza vipande. Sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, EPZ, ilipopitishwa mwaka 1990 na viwanda kuanza kujengwa Athi River, wafanyakazi walivuka mpaka wa wilaya kutafuta vyumba vya bei nafuu Noonkopir. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na watumishi wa serikali waliochoshwa na kodi za Nairobi wakawafuata. Sensa ya 2009 ilihesabu watu takriban 58,000 Kitengela. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 150,000.

Sensa hiyo ya 2019 ilihesabu kaya zaidi ya 316,000 katika Kaunti ya Kajiado, kwa jumla ya watu milioni 1.1. Gawanya, utapata kaya ya wastani ina watu kati ya watatu na wanne. Meza ni ya watu sita. Viti viwili au vitatu, basi, vimenunuliwa kwa ajili ya mtu wa nje, na hilo ni jambo jema. Shida huanza pale ambapo hata vile vinne vya wenyewe vinakabidhiwa huyo mtu wa nje.

Upangaji huu wenyewe una historia yake, na historia hiyo inaeleza kwa nini unasumbua katika nyumba ya kawaida. Ulaya hadi mwanzoni mwa karne ya 19, katika karamu za wakubwa vyakula vyote viliwekwa mezani kwa pamoja, kila mtu akajipakulia kilicho karibu naye. Baadaye ukaenea utaratibu uliopewa jina la Warusi: chakula kinaletwa kwa awamu, supu kwanza, kisha samaki, kisha nyama, kikiandaliwa na watumishi. Kwa kuwa sinia za chakula ziliondoka katikati ya meza, nafasi ilijazwa maua na mishumaa. Kwa kuwa kila awamu ilitaka chombo chake, mbele ya mgeni pakajaa safu ya uma na visu. Ule upangaji ulitegemea wapishi jikoni na wahudumu mlangoni. Bila wao, kila kijiko cha ziada ni kazi ya mama wa nyumba.

Kajiado ilikuwa jirani wa karibu wa meza za namna hiyo. Chini ya vilima vya Ngong, mwandishi Karen Blixen wa Denmark aliishi kwenye shamba lake la kahawa hadi 1931. Mwaka 1928 alimwandalia chakula cha jioni Mwanamfalme wa Wales, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane. Aliyepika alikuwa Kamante Gatura, kijana Mkikuyu, na msimamizi wa nyumba alikuwa Farah Aden, Msomali. Wageni waliketi, Waafrika walipika, wakapakua, wakaondoa vyombo. Maelfu ya wanaume na wanawake waliofanya kazi katika nyumba za walowezi na za wamishonari walijifunza kupanga meza ambazo hawakuruhusiwa kuketi.

Maarifa hayo yaliingia vijijini kwa njia nyingine pia. Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, lilifundisha akina mama kushona, kuoka na kutunza nyumba. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, somo la sayansikimu liliwafikia watoto wa shule za msingi, na wengi waliosoma wakati huo bado wanakumbuka mchoro wa meza ubaoni: uma upande huu, kisu upande ule, makali yaelekee sahani. Mtoto alikariri mchoro, akapita mtihani, akarudi nyumbani kula githeri kwenye bakuli la bati. Leo mtoto huyo ana nyumba yake Kitengela. Si ajabu kwamba anataka, angalau mara moja, kuuona ule mchoro ukiwa kitu cha kweli.

Wapo wanaosema kuonyesha vyombo ni kuiga Uzungu. Hao hawajafika Lamu. Katika nyumba kongwe za mawe za mji ule, hasa zilizojengwa katika karne ya 18, kuta za vyumba vya ndani zimechongwa zidaka kwa chokaa, safu juu ya safu, na ndani ya zidaka zilipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi, bakuli za Kichina zilipachikwa hata kwenye nguzo ya kaburi. Waswahili wa pwani walipenda chombo kizuri na hawakuona haya kukionyesha karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupiga picha ya meza yake kwa simu.

Lakini tazama walivyofanya. Kauri ya thamani ilikaa ukutani. Chakula kililiwa chini, juu ya mkeka au jamvi, sinia katikati, watu wakizunguka. Pambo lilikuwa na mahali pake na mlo ulikuwa na mahali pake. Hakuna aliyelazimika kuondoa kimoja ili kupisha kingine. Kabati la vioo lililojaa katika sebule za bara miaka ya 1980 na 1990 lilifuata kanuni hiyo hiyo. Vyombo vya wageni vilifungiwa ndani ya kabati, vikionekana bila kuguswa, na meza ikabaki huru kwa chai ya asubuhi, kazi za shule na kuchambua maharagwe. Mtindo wa sasa umevihamisha vyombo hivyo kutoka kabatini hadi mezani. Kwa hivyo mapambo yamekalia kiti cha mlaji.

Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, wana jibu jingine kabisa. Kibuyu cha maziwa hupambwa kwa shanga na wakati mwingine kwa simbi za pwani. Kinasafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu, ambao Wamaasai huuita oloirien, na moshi wake huyapa maziwa ladha ambayo mlaji huitambua bila kuambiwa. Kibuyu hicho kizuri ndicho kinachobeba maziwa ya leo. Na kuhusu nani anakula na nani, mila ni kali zaidi ya kitabu chochote cha adabu za meza: morani hanywi maziwa peke yake. Akikosa mwenzake, anasubiri. Utamaduni huo haukuwa na meza wala viti sita, ila ulijua kwamba chakula kinataka watu.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wapambaji wa mitandaoni hawalitaji: vumbi. Kitengela na Isinya ziko kwenye nyanda tambarare zenye upepo. Njia nyingi za ndani ya mitaa ni za changarawe au udongo mweusi, ambao ukilowa ni tope la kunasa magari na ukikauka hugeuka unga. Ng'ambo ya pili, Athi River, kuna viwanda vya saruji. Malori ya Namanga hayalali. Acha sahani mezani Jumatatu, uje upitishe kidole Ijumaa. Kidole kitaacha mstari. Sahani iliyokaa wiki moja bila kufunikwa haifanyi meza kuwa tayari kwa mgeni, kwa sababu mgeni akija sharti ioshwe kwanza. Mikahawa mingi hulijua hilo na hufudikiza glasi zake. Watu wa pwani wanalijua pia, ndiyo maana chakula chao hufunikwa kwa kawa.

Kuosha, basi. Kwa maji yapi? Sehemu kubwa ya Kitengela hutegemea visima vilivyochimbwa kwa mashine, na maji ya visima hivyo mengi yana chumvi. Bomba la Nol-Turesh, linaloleta maji kutoka chemchemi za chini ya Kilimanjaro upande wa Loitokitok, hugawa maji yake kwa miji mingi njiani na hayatoshi. Wengine hununua maji kwa lori, wengine kwa mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwa mkokoteni. Osha glasi kwa maji ya kisima, iache ikauke yenyewe, kisha iinue kwenye mwanga wa dirisha: utaona duara nyeupe pale kila tone lilipokaukia. Hazitoki kwa sabuni. Zinatoka kwa siki kidogo kwenye kitambaa laini, glasi moja baada ya nyingine, sita kwa jumla, na sahani kumi na mbili na bakuli sita zinangoja zamu. Kazi hiyo hufanywa na mama mwenyewe au dada wa kazi, kila wiki, kwa vyombo ambavyo hakuna aliyevilia.

Tena vingine havikutengenezwa vitumike kulia chakula. Sahani nyingi kubwa za dhahabu zinazowekwa chini ya nyingine ni za plastiki au zimepakwa rangi isiyofaa kugusana na chakula, na maelezo ya nyuma husema hivyo kwa herufi ndogo. Zile za kauri zenye ukingo wa dhahabu haziingii kwenye maikrowevu, kwa kuwa madini hayo hutoa cheche. Mnunuzi wa Kamukunji au Eastleigh jijini Nairobi anayetafuta seti ya kupendeza ni vyema aigeuze sahani kabla ya kuifungia kwenye gazeti.

Pamoja na hayo yote, meza iliyopangwa ina mtetezi mwenye nguvu, na ni haki asikilizwe. Kitengela ni mji wa wahamiaji. Jirani wa kushoto alitoka Nyeri, wa kulia Machakos, wa nyuma Kisii, na kati yao kuna kuta za mawe, waya na malango ya chuma. Hakuna shangazi anayepita tu kusalimia. Uhusiano hujengwa kwa ratiba: chama cha akina mama kinachozunguka kila mwezi, jumuiya ndogo ndogo ya Wakatoliki inayosali nyumba kwa nyumba, wazee wanaokuja kwa mazungumzo ya mahari. Vyama vya wanawake Kenya vimekuwa vikinunuliana vitu vya nyumbani tangu vile vikundi vya mabati vya miaka ya 1960 na 1970 vilivyochangishana kuezekeana nyumba. Baada ya paa zikaja sufuria, seti za vikombe na chupa za chai. Mama anayejua kwamba siku yake inakuja, na kwamba wenzake kumi na tano wataingia na macho yao, ana sababu ya kutaka meza yake iseme vizuri juu yake.

Sababu hiyo ni ya kweli. Lakini chama huja mara moja kwa mwezi, na kwa kila mwanachama zamu haifiki hata mara moja kwa mwaka. Kupanga meza ya watu sita vizuri hakuzidi dakika ishirini. Hakuna haja ya kuilinda kwa siku zote zilizosalia.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kila mtoto aliyelelewa Kenya anaijua tafsiri yake: mgeni akija, chapati zinapikwa, kuku anachinjwa, vikombe vizuri vinatoka. Mtoto wa leo anaishi na meza iliyopangwa kila siku na anaambiwa asiiguse. Anajifunza kwamba vitu vizuri vya nyumba yao si vyake. Kisha siku moja anapelekwa hotelini kwa harusi ya binamu, na mzazi yule yule anashangaa kwamba hajui kushika kisu na uma.

Lipo jambo lingine la kuchekesha kidogo. Wakazi wa Kitengela wanasafiri hadi katikati ya Nairobi kununua glasi zilizotoka nje ya nchi, ilhali jina la mji wao linajulikana kwa vioo. Msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alihamia nyanda za Kitengela ukingoni mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanzisha karakana ya vioo vya rangi. Mwanawe Anselm Croze alianza kupuliza vioo hapo katika miaka ya mwanzo ya 1990. Malighafi yao kubwa ni vioo chakavu vya madirisha, vinavyoyeyushwa na kupulizwa kuwa bilauri, jagi na bakuli. Ukiishika bilauri ya aina hiyo unasikia uzito wake. Ndani ya kioo kuna vipovu vidogo vilivyonaswa, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Seti isiyolingana haitishi mtu kuitumia, kwa kuwa ikivunjika moja, nyingine itajaza nafasi bila kuonekana mgeni.

Kioo chenyewe kina asili ya Kajiado. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 1,700. Ukichanganywa na magadi huyeyuka kwa joto la chini zaidi, na ndiyo sababu viwanda vya vioo duniani hununua magadi kwa wingi. Kampuni ya soda ya Ziwa Magadi, ziwa lililo Kajiado, ilianzishwa 1911, na reli yake inapita mjini Kajiado. Magadi yale yale ambayo mpishi hutia kidogo kwenye maharagwe ili yalainike ndiyo yanayosaidia kuzaa glasi.

Na maua? Isinya na Kitengela zina mashamba ya waridi yanayosafirisha shehena hadi Ulaya. Fungu la waridi halisi lililokatwa karibu na nyumbani hudumu siku kadhaa kwenye jagi la maji, halihitaji kufutwa vumbi, na likinyauka linakwenda kwenye shimo la mbolea. Kajiado ina machimbo ya marumaru pia. Kipande kidogo kilicholainishwa ni mahali pazuri pa kuwekea sufuria ya moto. Akina mama wanaotunga shanga hutengeneza vijamvi vya kuwekea vikombe. Meza inaweza kuwa ya Kajiado kuanzia maua hadi glasi, na bado ikapendeza kwenye picha.

Mpangilio unaofaa nyumba za huku si mgumu. Katikati ya meza weka vitu viwili vitatu tu: jagi la maua, bakuli la matunda, pengine chupa ya chai. Sahani nzuri zirudi kabatini, zionekane kupitia kioo, mahali ambapo vumbi haliingii. Kila mlaji anahitaji takriban sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti paachwe angalau sentimita 75 za kupita. Chumba kikiwa kidogo, meza ya watu wanne iliyokaliwa inashinda ya watu sita iliyobanwa ukutani. Siku ya chama, toa seti yote, kunja vitambaa, weka uma kushoto na kisu kulia. Wanafunzi wa zamani wa sayansikimu hawajasahau.

Kwa hivyo, msomaji mwenye meza iliyopangwa hapo nyumbani, leo jioni ondoa zile sahani za dhahabu uzihifadhi. Zima runinga kwa nusu saa. Leta ugali na sukuma, au pilau kama mfuko unaruhusu, uweke mezani penyewe, na uwaite watoto, dada wa kazi na mkeo au mumeo wakae pamoja. Vikibaki viti viwili, bisha hodi kwa jirani wa lango la pili.